Kidole cha Yasmini

Mbangua korosho wa Lionja ana vidole ambavyo simu haivitambui. Mafuta ya maganda yamevibabua miaka nenda miaka rudi hadi alama zimefutika, hata ajipake majivu vipi kabla ya kazi. Kwa hiyo aliponunua simu ya kupangusa, kidole kilichosajiliwa kuifungua kilikuwa cha mwanawe Yasmini, wa darasa la pili. Namba za siri nazo mtoto alijichagulia mwenyewe, na mama hazijui. Hilo mama hamwambii mtu. Akikaa na wenzake huongea bila kuinua macho, huku akigonga korosho: “Mwanangu simu anaishika nikitaka mimi. Nyie mnawadekeza wenu.”

Alasiri moja mama yake mzazi alibipu kutoka Chinongwe, kisha akabipu tena, na bibi yule habipu bure. Mbangua korosho akaificha simu ndani ya kanga, akaenda madrasa. Ustadhi akawanyamazisha watoto.

“Kuna msiba?”

“Hapana, ustadhi. Naomba kidole cha Yasmini, mara moja tu.”

Mlangoni alikuwepo Mwamina, mwenzake wa kubangua, amekuja kumchukua mwanawe. Yasmini akaja, akaitazama simu, akaficha mkono nyuma.

“Nikifungua, leo nacheza mpaka nilale?”

Mama akavitazama vidole vyake vyeusi. “Ndiyo,” akanong’ona.

“Sijasikia, mama.”

Akasema tena, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.