Kidole cha Mwalimu wa Twisheni

Kidole chake hakikujua kupumzika. Mwalimu wa twisheni alipofumbua mafumbo ya herufi, kilichora hewani, kikachora pajani, na Raudha, binti wa muuza duka, alikiogopa kuliko fimbo, maana mtihani wa kuingia ile sekondari mpya ya binafsi ulikuwa Jumatatu. "Kila herufi inakuwa ile inayoifuata," alisema kwa sauti kavu. "Kama TUI ni UVJ, CHUI ni nini? Woga haupewi maksi!" Mara mtu akakohoa njiani: baba mkwe wa mwalimu, mzee wa Ndandalo. Kwa Wanyakyusa mke wa mtu haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mwalimu akachutama nyuma ya ubao, khanga usoni. Hatua zikasita dirishani. "Mbona kimya, mwe bana, ninyi watoto?" mzee akauliza.

Raudha, aliyeketi pembeni, peke yake ndiye aliyekiona kile kidole kikichora vumbini: D, I, V, J. Mzee alipokwenda zake, mwalimu akainuka, akajikung'uta, akakaza uso. "Haya, nani kapata?" Jibu Raudha alikuwa nalo. Lakini akiulizwa kalipata wapi?