Matabishi ya Mama Kalunga

Ile Jumamosi bado ninaikumbuka, mwanangu, na kila ninapoikumbuka uso unaniwaka moto, mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu. Jana ulirudi kutoka kazini umenuna, ukatupa mkoba kitandani, ukasema wateja wa Kalemie hawana adabu na kwamba Jumatatu hutarudi kwenye ile kesi yao ya kupokelea pesa. Nilikuacha ule kwanza, maana nakujua, ukiwa na njaa husikii la mtu. Sasa umeshiba, kaa hapa karibu nikueleze jinsi mimi nilivyokuwa mjinga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Papa Kasongo alikuwa amefungua duka lake la vyakula karibu na kituo cha gari la moshi, akaniweka kwenye kesi, pale watu wanapolipia. Wee, niliringa! Shati jeupe nililipiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Papa Kasongo alisema atanijaribu miezi mitatu, na nikifanya vizuri kazi itakuwa yangu. Baba yangu alikuwa wa reli, na unajua mwenyewe mishahara ya reli ilivyokuwa ikichelewa. Tulikuwa saba nyumbani, na sufuria ilikuwa ikiniangalia mimi.

Dukani bei zilibandikwa kwenye vikaratasi, hakuna kupatana. Na hakuna matabishi. Sokoni ukishapimiwa unga wako, muuzaji anakuongezea konzi moja juu, na asipoongeza utasikia watu wakimsema mpaka jioni. Lakini pakiti ya sukari imefungwa kiwandani, utaiongezea nini? Papa Kasongo alinikataza siku ya kwanza, na mimi nilishika neno lake kama polisi.

Basi, kulikuwa na Mama Kalunga. Aliuza ndakala, wale dagaa wetu, kandokando ya ziwa, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali, na wauza samaki wenzake walimfuata popote alipokwenda. Kila Jumamosi alikuja nao kununua chumvi, sabuni, sukari na mafuta. Akishalipa, hasogei. Anaweka mikono miwili juu ya meza yangu na kuuliza:

"Mutoto, na matabishi yangu iko wapi?"

Nilimweleza vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwonyesha kikaratasi cha bei. Mara ya tatu nilivuta pumzi kwa nguvu ili asikie. Yeye alicheka tu, akarudia swali lilelile, na foleni ikangoja. Nilianza kumwogopa tangu Ijumaa usiku, nikilala namuona.

Jumamosi ninayokuambia, umeme ulikuwa umekatika, feni imekufa, jasho linaniharibia shati. Foleni ilifika mlangoni. Mama Kalunga akalipa, akaweka mikono yake mezani, akauliza lile swali lake. Mwanangu, damu ilinichemka. Nikachukua pipi moja, moja tu, nikamtupia juu ya meza.

"Haya, Mama, matabishi yako hiyo. Sogea, wengine wapite!"

Pipi iliruka, ikaanguka chini miguuni pake. Kijana mmoja nyuma akacheka, na mimi nikaona nimeshinda. Mama Kalunga aliitazama ile pipi. Nilingoja matusi, nikajiandaa kumrudishia. Hakutukana. Aliniuliza polepole, "Weye, nani alikulea?" Kisha akatoka, mikono mitupu, vitu vyake alivyokwisha kulipia akaviacha palepale mezani. Wenzake waliokuwa kwenye foleni wakarudisha vikapu na kumfuata.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Papa Kasongo alisimama mlangoni, akatazama barabara, akaniuliza:

"Bale bamama ba ndakala beko wapi leo?"

"Labda ziwa limechafuka, Papa."

Nilidanganya hivyo, bila kupepesa macho, na ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kabisa, unaliona kutoka dukani. Vitu vya Mama Kalunga nilikuwa nimevificha chini ya meza yangu, na kila nikisogeza mguu niligusa ile chupa ya mafuta. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa nitamwambia nini baba.

Papa Kasongo hakubishana. Akatoa pesa, akanipa na kikapu. "Kama ziwa limechafuka, nenda uangalie kama utapata hata kopo mbili za ndakala. Mama watoto anazitaka. Uende kwa Mama Kalunga, yeye anapima vizuri."

Mpaka leo sijui kama alikuwa amekwisha kuambiwa. Nadhani alikuwa anajua.

Nilitembea kama mtu anayepelekwa kuchapwa. Mama Kalunga alikuwa amekaa nyuma ya rundo lake la samaki, akaniona tangu mbali, hakugeuza uso. Nilisalimia, akaitikia. Nikasema nataka kopo mbili. Akajaza kopo la kwanza mpaka ndakala zikasimama juu kama kichuguu, akamimina kikapuni. Akajaza la pili. Nikamlipa, nikataka kukimbia.

"Ngoja," akasema.

Akachota ndakala kwa mikono yake yote miwili, akaniwekea juu. Akachota tena, akaweka. Hakutupa hata samaki mmoja. Aliwaweka taratibu kama unavyomlaza mtoto mchanga.

"Hiyo njo matabishi," akaniambia. "Nakupa ujue nimekuona, na nataka urudi."

Nililia pale mbele ya wauza samaki wote, mwanangu. Wakanicheka kidogo, mmoja akanipa ncha ya kitenge chake nijifute. Nilimwomba Mama Kalunga msamaha, na yeye akasema shati langu litanuka samaki, niende zangu.

Nilirudi dukani nikamwambia Papa Kasongo kila kitu, ile pipi na ule uongo wa ziwa. Nilikuwa tayari kurudisha funguo za kesi. Alichungulia kikapu, akaona zile ndakala zilizozidi.

"Sukari ni yangu," akasema, "na siwezi kuigawa bure. Lakini mikono ni yako."

Jumamosi nyingine Mama Kalunga alikuja na kundi lake lote. Nikamtolea vitu vyake vya zamani, akanunua vingine, akalipa, akaweka mikono yake mezani. "Mutoto, na matabishi yangu iko wapi?" Foleni nzima ikatega sikio. Mimi nikainuka kwenye kiti changu kizuri, nikazunguka meza, nikamsaidia kukaza kata yake kichwani, nikashika beseni lake upande mmoja na yeye upande wa pili, nikamtwika. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Akanitazama chini ya ule mzigo, akacheka cheko lake kubwa.

"Ee! Sasa umelelewa."

Kazi nilipewa, nikaifanya miaka kumi na moja.

Sasa sikiliza, kipenzi changu. Sikuambii kila mteja ana moyo wa Mama Kalunga. Wengine ni wakorofi tu, wamelala vibaya, na akikutukana mtu, usimeze, mwite mkubwa wako. Lakini kabla hujakasirika, jiulize anataka nini hasa. Mara nyingi anataka umtazame usoni, umuite Mama au Papa, umpe chenji mkononi badala ya kuitupa mezani. Hilo halimpunguzii tajiri wako kitu. Na ukikosea, kama utakavyokosea, usiwe kama mimi wa kusingizia ziwa. Nenda mwenyewe, kabla hujatumwa.

Jumatatu utarudi. Shati lako nimekwisha kulifua, liko kwenye kamba.

Mungu akubariki, mwanangu, akutie nguvu za miguu na ulimi mtamu. Akupimie haki yako mpaka kopo lijae, halafu achote kwa mikono yake yote miwili, akuwekee matabishi juu.