Wanauliza Hali ya Padre

Juzi maktabani hapa Malindi nilimkuta mama mmoja wa Magarini, leso kichwani, amekishika kitabu kwa mikono miwili kama hataki kukirudisha. Ilikuwa riwaya ile ya padre anayepoteza imani, ambayo niliisifu katika safu hii na mpaka leo sijapumua kwa barua za lawama.

"Mwanangu," alimwambia karani, "hakuna cha pili? Hiki kimeisha na padre bado hasali."

"Hakuna, mama."

"Sasa wenzangu nitawaambia nini? Kwenye jumuiya yetu tunamwombea kila Jumapili, na kila Jumapili wananiuliza hali yake."

Karani aliinamisha kichwa kuficha kicheko. "Mama, padre huyo ni wa kutungwa."

"Najua, na wao nimewaambia." Alipangusa jalada kwa pembe ya leso. "Lakini shaka kama yake tunayo hata sisi."

Akakiweka kitabu mezani taratibu, akaenda zake.

Nimechoka, wasomaji wangu. Barua zenu zote zataka kitabu hiki kichomwe. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza padre anaendeleaje.