Talaka Tatu za Alhamisi

Dada yangu Zalia hakuwa mtu wa kuchekacheka. Alizaliwa Nosy Be, akaletwa Mahajanga akiwa mwari, akaolewa na Anli, mshona nguo wa Ampisikina. Asubuhi alikaanga vitumbua mlangoni, uso umekunjamana kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha. Uso huo huo ndio uliojaza ukumbi kila Alhamisi kwa miaka tisa.

Mchezo wetu tuliuanza mwaka 1948 katika ukumbi wa sinema karibu na bandari, nusu saa kabla ya filamu. Mimi, Tadjiddine, ndiye niliyeandika. Anli alikuwa mume, Zalia mke, na kwa kuwa hatukuwa na akili ya kubuni majina, walitumia yao. Walizungumza Kimalagasi cha hapa kwetu, wakaingiza Kingazija, lugha ya wazee wetu, hasira zilipopanda. Kila mchezo uliishia kwenye sinia moja la wali na samaki, chakula cha kweli alichopika Zalia mwenyewe, na hao wawili wakigombania kichwa cha samaki mpaka pazia lifungwe. Kichwa kilikuwa cha Zalia siku zote. Anli aliambulia mkia, na watu wakagonga sakafu kwa miguu.

Maandishi yangu yalipitia kwanza ofisi ya serikali, kwa Kifaransa, yapigwe muhuri. Mzungu aliyeyasoma alikuwa na kalamu nyekundu na hofu nyingi. Mzaha wa kodi aliukata. Mzaha wa kofia ya mkuu wa wilaya aliukata pia. Talaka hakuigusa hata mara moja, kwa kuwa alikuwa akitafuta siasa.

Na talaka hiyo niliiandika mimi. Mwaka 1951 nilimfanya Anli amtaliki Zalia kwa sababu ya wali ulioungua, na Alhamisi iliyofuata akasema amemrudia. Watu walifurahi mno, nikarudia mwaka 1954. Mwaka 1957 nikaiandika tena, mvivu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa na visa.

Safari hiyo Anli alisita. Alisimama mbele ya mkewe, mdomo wazi. Nilikuwa nimejikunyata kwenye shimo langu mbele ya jukwaa, mahali nilipokaa kuwakumbusha maneno, nikadhani amesahau. Nikamchoma kisigino kwa penseli. "Sema!" nikamnong'oneza. "Zalia, nimekutaliki. Sema!" Akasema. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, na mimi nikajipongeza gizani.

Ramadhani ilipofika, Fundi Chaïbou alikuwa akisomesha msikitini baada ya Alasiri. Kwetu mwalimu wa dini huitwa fundi, na huyu alikuwa na subira ya kumsikiliza hata mjinga. Siku hiyo akaeleza kwamba kuna mambo ambayo mzaha wake ni sawa na kweli: ndoa, talaka, na kumrudia mke. Anli akanyoosha mkono, anacheka.

"Fundi, basi mimi na Zalia wetu wa Alhamisi tutakuwaje?"

Msikiti mzima ukacheka. Fundi hakucheka.

"Ulimtaja kwa jina lake?"

"Ndiyo, Fundi."

"Naye ni mkeo kweli?"

"Ni mkewe kweli," wakaitikia watu, bado wakicheka.

"Mara ngapi?"

Anli akahesabu kwa vidole. Alipofika cha tatu, mkono wake ukabaki hewani, na kicheko kikakatika.

Nikasimama. Nikasema maneno ni yangu, mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyemchoma penseli. Nilitaka kosa liwe langu, wallahi nilitaka hata nipigwe. Fundi alinitazama kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi. "Tadjiddine, mwandishi hana talaka," akasema. "Mwenye talaka ni ulimi wa mume." Alikaa na vitabu vyake siku tatu akitafuta tundu la kututolea. Akarudi amevimba macho. Kwa alichosoma yeye, hakuna tundu: talaka ya tatu haina kurudiana.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Kwa hiyo aliyetoka ni Anli, na cherehani yake begani, akaja kulala barazani kwangu. Fundi aliwaomba wa msikitini walifiche jambo letu, nao wakaleta ushauri wao: atafutwe mwanamume wa kumwoa Zalia usiku mmoja, amwache, Anli amwoe upya. Fundi alikataa kupanga jambo kama hilo, na Zalia naye akakataa. "Mimi si sufuria ya kuazimana," akaniambia. Kisha akalia, na mimi sikuwahi kumwona dada yangu akilia, nikakosa hata pa kuweka mikono yangu.

Eda ilipokwisha, mjomba wetu Mouigni akaja kutoka Nosy Be. Kwa watu wetu, mjomba akisema, kaka hana la kuongeza. Alikuwa amempatia Zalia mume, mtu wa Ambatoloaka aliyefiwa na mkewe, anayepika mafuta ya maua ya langilangi, mtu mwema. Ningempata na kasoro ningepumua. Sikuipata.

Zalia aliomba jambo moja tu: Alhamisi moja. Mjomba akakubali, akaja kukaa mstari wa mbele.

Ukumbi ulifurika, maana miezi yote hiyo tulikuwa tumeutangazia mji kwamba Zalia ni mgonjwa, na sasa amepona. Walicheza kama zamani, ila hawakugusana. Kisha likaja sinia. Zalia alilitua katikati, akakaa upande wa pili. Akakichukua kichwa cha samaki, akakiweka upande wa Anli.

Hayo sikuyaandika. Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa miaka tisa hawajaona kitu kama hicho. Anli alikitazama kichwa, akakisogeza polepole kwa kidole hadi upande wa Zalia. Zalia akakirudisha. Anli akakisogeza tena. Wanaume walikuwa wakifuta machozi ya kicheko, wanawake wakipigana mabega, na kila kichwa kilipovuka sinia kelele zilizidi. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu kilichochekesha hivyo.

Anli akainama kuelekea shimo langu. "Nisemeje?" akaninong'oneza. "Taji, niambie, nisemeje?"

Nilikuwa na daftari mkononi, na kamba ya pazia karibu na bega langu. Nikapekua kurasa zote hadi ya mwisho. Sikuwa na neno la kumpa, na watu waliendelea kucheka.