Paka, Dawa ya Ng'ombe na Mguu Wangu Ndani ya Platre

Mtu asikudanganye kwamba mguu ukivunjika kinachotesa ni mfupa. Mfupa huzoea. Kinachotesa ni muwasho wa ndani ya platre, lile gamba gumu la hospitali, pale kidole hakifiki, kijiti hakifiki, na kila anayekuja kukuona anakwambia vumilia. Nilianguka na pikipiki nikitoka Makobola. Daktari akanifunga platre nzito kutoka pajani hadi vidoleni, na dada yangu mkubwa akanichukua kwake Kimanga, mjini Uvira, kwa sababu sina mke wa kunipikia. Akaniweka chumba cha mbele. Dirishani naona ukuta wa jirani, basi.

Dada alikuwa anauza unga wa muhogo sokoni, mume wake alikuwa na mizunguko yake, kwa hiyo aliyekaa nami mchana kutwa ni paka wa nyumba ile. Alikuwa anapanda kitandani asubuhi, anajikunja juu ya tumbo langu, tunakaa hivyo. Nilimpenda, sioni haya kusema. Ila alikuja na viroboto wake.

Dada yangu hataki kusikia habari ya dawa za chupa. Kwake yeye, kila kitu cha chupa ni sumu, na kila kilichoota ardhini ni baraka. Akampaka paka majivu ya jikoni, akatandaza majani makavu ya tumbaku chini ya godoro langu, akachemsha yale majani machungu ambayo mama yetu alituogeshea zamani tulipotoka upele, akapiga nayo deki. Nilipiga chafya kutwa. Na kusema ukweli, viroboto walimpungua paka. Shida ni kwamba majani yale yanafukuza, hayaui, na kiroboto aliyefukuzwa lazima ahamie mahali. Walihamia kwangu. Waliingilia juu, pajani, wakakuta joto, giza na nyama isiyoweza kukimbia. Mimi mwanaume mzima nililia machozi, nikiigonga platre kwa mwiko.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikulia kati ya ng'ombe huko milimani juu ya Uvira, na wanyama anaongea nao kwa adabu kuliko anavyoongea na watu. Siku moja alisimama mlangoni ameshika kichupa alichokuwa amekificha darini.

"Shemeji, dada yako iko anacheza na majani," akasema. "Hii njo dawa. Minye naogeshaka nayo ng'ombe, kupe inaanguka yenyewe."

"Paka si ng'ombe," nikamwambia. "Ng'ombe unaiogesha, jua linaikausha. Paka inajikausha na ulimi. Itakunywa dawa yote, shemeji."

"Hata ng'ombe inajilambaka. Nitaweka kidogo tu."

"Kidogo ya ng'ombe ao kidogo ya paka?"

Akacheka, akaenda zake uani. Dada angemzuia, lakini bomba lilikuwa limekauka tangu alfajiri na yeye alikuwa amekwenda ziwani kuchota maji. Nikasikia yote kupitia dirisha: beseni likiburutwa, shemeji akimbembeleza paka kwa maneno yale yale ya kubembeleza ndama, halafu paka akipiga kelele. Nilimwita shemeji, nikamsihi, nikamtukana, sauti ikaisha. Mtu wa platre akipiga kelele, watu wanadhani mguu umemuuma. Hata kuanguka kutoka kitandani nisingeweza bila kusaidiwa.

Paka akaingia mbio, ameloa, ananuka dawa, akarukia tumboni kwangu kama kawaida yake. Akainua mguu aanze kujilamba. Nilimdaka shingoni, nikavuta kitenge nilichokuwa nimejifunika, nikamviringisha mwili mzima abaki kichwa peke yake, nikamkandamiza kifuani. Lakini alikuwa ameshalamba kidogo. Povu lilianza kumtoka mdomoni.

Shemeji akaja anatabasamu, anataka sifa. "Lete maji na sabuni," nikamwambia. Maji hayakuwepo, ya mwisho aliyachanganyia dawa. Akainama kumtazama paka, akaliona lile povu, na uso wake ukabadilika. Mtu aliyeishi na wanyama haelezwi povu ni nini. Akatoka peku, akimkimbilia dada njia ya ziwani.

Nikabaki na paka. Aliniuma mkononi mpaka damu ikatoka, akanikwaruza kupitia kitenge, akalia kama mtoto mchanga. Ningelegeza kidogo tu, angetoa ulimi na kujimaliza. Na hakuna aliyejua kuliko mimi ilivyo kufungwa na kuwashwa ndani ya ulichofungiwa. Nikamwambia sikioni kwamba hata mimi niko hivyo: minye pia, minye pia. Viroboto nao wakaamka ndani ya platre, na sikuwa na mkono wa kuwagonga. Niliomba Mungu kwa ajili ya paka. Wenzangu wa kwaya wangesikia, wangenicheka mwaka mzima.

Dada aliingia na bidoni ya maji kichwani, na shemeji nyuma yake amebeba nyingine, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Wakamwosha pale pale miguuni pangu, sabuni, maji, sabuni tena. Jioni yote paka alitetemeka. Shemeji alimlaza juu ya koti lake, akakaa naye sakafuni, chakula akakikataa.

Asubuhi paka akanywa maziwa. Nilifurahi mno, nikapigapiga tumbo langu nikimwita kama siku zote. Alifika mlangoni, akasimama, akanitazama. Kisha akageuka, akarudi sebuleni kwa shemeji, akapanda mapajani pake, akalala. Kesho yake vile vile. Mpaka siku niliyokatwa platre hakuingia tena chumbani kwangu, na mimi sikuwa na miguu ya kumfuata.

Shemeji alinionea huruma. "Usijali, shemeji," akasema. "Paka haina akili."

Iliniuma, na inaniuma bado. Akili anayo. Dawa hajui nani aliichanganya, ila aliyemfunga anamjua.