Siku Luciana Alipompigia Magoti Mkabaji Wake

Mfungaji wetu bora alikuwa na mpira mkononi, hatua mbili tu kutoka kwenye kikapu.

Akapiga magoti. Akamkabidhi adui mpira kwa mikono miwili, macho chini.

Kati ya wenzake wote wa timu, ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini, maana mchuzi ule niliupika mwenyewe.

Naitwa Elina. Nina miaka themanini na ushee, na simu hii ni ya binti yangu, kwa hiyo mkinitukana kwenye komenti atasoma yeye. Tukaneni tu, nastahili.

Ilikuwa mwaka 1956, enzi za Mwingereza, chuo cha ualimu cha wasichana huku Iramba. Mkuu wetu alikuwa Mzungu wa misheni, tukimwita Bibi. Ndiye aliyetuletea mpira wa kikapu: nguzo mbili, pete za pipa, na filimbi yake shingoni.

Na Luciana. Jamani, Luciana! Timu zilimwekea watu wawili, watatu, wapi! Anafunga tu. Tukishinda, ni "Luciana! Luciana!" Mimi niliyempa mpira hata pole sikupewa.

Wivu ukaniingia, ndugu zangu. Ukanikaa kama kupe.

Luciana alikuwa na siri. Likizo iliyotangulia wazazi wake walipokea posa, na ng'ombe wa kwanza walishaingia zizini. Chuoni, msichana aliyeposwa alirudishwa kwao, hakuna mjadala. Naye alibakiza miezi mitatu tu apate cheti. Aliniambia mimi peke yangu, tukitwanga mtama.

Sasa sikia. Mchumba wake, Kefa, alikuwa na shangazi mdogo kabisa, Raheli, rika letu. Nimekua naye kijijini Ulemo. Raheli alisoma chuo cha Singida, na hao ndio tuliokuwa tunawasubiri kwenye fainali. Alisikia mtoto wa kaka yake kaposa, ila binti mwenyewe hakuwahi kumwona.

Nikamwandikia barua. "Raheli, yule mrefu wetu ndiye mke wa Kefa. Umkabe wewe."

Kwetu shangazi wa mume ni mkwe, hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Humgusi. Humtazami usoni. Akitaka ulichoshika, unapiga magoti unampa.

Haya, mtu huyo akikukaba, utafunga?

Nilitaka akose magoli mawili matatu, nami nionekane. Magoti sikuyawaza. Wallahi sikuyawaza.

Siku ya fainali Raheli akaja mbele yake, akanyoosha mikono, akamnong'oneza neno. Luciana akashuka chini.

Mapumziko tulikuwa nyuma, nane kwa mbili. Bibi akauliza, "Luciana, wewe mgonjwa?"

"Hapana, Bibi. Lakini naomba nisimame kule pembeni. Watanifuata wawili. Elina atabaki peke yake chini ya goli."

Na kweli walimfuata. Akasimama kule, amempa mkwe mgongo, kichwa kimeinama. Kila mpira uliomfika aliurusha juu yao, ukaja kwangu. Mara sita. Nikafunga zote sita.

Kumi na nne kwa nane. Wakanibeba. "Elina! Elina!" Kombe mikononi mwangu, tamu kama asali ya Itigi.

Ndipo Bibi akamwita Luciana pembeni. "Kwa nini ulipiga magoti?"

Luciana hakujua kusema uongo. "Yule ni mkwe wangu, Bibi."

Nilikuwa hatua tatu tu. Ningeweza kusema, "Bibi, kosa ni langu, usimfukuze." Nikakumbatia kombe langu, nikanyamaza.

Jumatatu lori likamchukua na sanduku lake la bati.

Mimi nilipata cheti. Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimestaafu na pensheni. Luciana alilima uwele.

Juzi hapa Raheli kafariki. Msibani Ulemo nikamkuta Luciana, mgongo umepinda, anachambua mchele. Nikakaa chini mavumbini, nikamwambia yote. Barua, wivu, yote. Nililia mpaka kilemba kikaanguka.

Hakuacha kuchambua.

"Mbona najua," akasema. "Pale Raheli aliponinong'oneza, alisema, 'Mimi ni mkwe wako, Elina ameniandikia.'"

Nikamuuliza, "Ulijua kabla ya mapumziko? Na bado ukanipa mipira yote sita?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyeelewa hesabu.

"Tulikuwa tunafungwa, Elina. Na wewe ulikuwa peke yako chini ya goli. Ningempa nani?"

Funzo? Wenzangu, nimefundisha watoto wengi, hili sijui kulifundisha vizuri. Mwenzako akikuambia siri, umekabidhiwa maisha yake. Na kama umeshakosa, sema siku ile ile, ungali hatua tatu. Mimi nimesema baada ya miaka zaidi ya sitini, na cheti chake hakirudi.