Usisugue, Kasiva

Kaluki ni fundi wa nguo sokoni Mitaboni, na hakuna kitu alichowahi kushona kwa hasira kama glavu za bintiye. Alizikata kutoka mabaki ya sare za shule, akazitia kamba za kufungia mikononi, na fundo alilikagua kama askari jela. Kasiva, wa miaka minane, alikuwa na macho ya kuwasha tangu utotoni. Akianza kuyasugua, alisugua kweli, kwa vifundo vya vidole, mpaka unasikia jicho likilia kwii kwii.

Akaanza kutoona ubaoni; miwani ilibadilishwa, ikabadilishwa tena, wapi! Mwalimu akasema mtoto ni mzembe. Mwishowe daktari wa macho mjini Machakos akapiga picha, akasema kioo cha mbele cha jicho kimekonda na kimeanza kuchongoka kama ncha ya yai. Mzio unawasha, mtoto anasugua, kioo kinazidi kulegea, na kwa mtoto mdogo mambo hayo huenda mbio. Akiacha kusugua na mzio ukitulia, watamfanyia matibabu ya kukikaza kioo, asipoteze uwezo wa kuona aliobaki nao. Asipoacha, siku moja atahitaji kupandikizwa kioo cha mtu aliyekufa.

Daktari akauliza pia kama kuna mwingine nyumbani mwenye shida ya macho, maana ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo. Kaluki akamwambia mumewe, Ngui, aende kupimwa.

"Mimi naona sawa sawa," Ngui akajibu, simu imekaribia kumgusa pua. Kisha akajisugua jicho, tena bila haya! Kaluki alitamani kumrushia mkasi.

Basi zikabaki glavu. Shuleni wakamwita Kasiva Bondia. Alilia, lakini alizivaa. Kaluki alimtia matone ya mzio bila kukosa, akapiga kelele za "Mikono chini!" hadi koo likamkauka. Raha yake ilikuwa moja tu. Kila jioni Kasiva alikuja mbio kibandani, akamzamishia uso mapajani na kujipangusa kwenye leso aliyojifunga mamake, huku na huku kama ndama. Kaluki alimpapasa kichwa, akashukuru kwamba kwa ukali wake wote, mtoto hakuwa amemchukia.

Waliporudi kwa daktari, picha mpya ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Mama Kasiva, huyu mtoto bado anasugua."

"Kwa mikono gani, daktari?" Kaluki akafoka. "Angalia hizo glavu! Nimekuwa adui wa mtoto wangu mwenyewe, halafu unaniambia anasugua? Niko na nini kingine cha kufanya, nimfunge kamba kitini?"

Kasiva aliogopa alipomsikia mamake akipaza sauti hivyo. Akamwendea, akazika uso kwenye leso, akaanza: huku, na huku, kwa nguvu zake zote.

 Daktari alinyoosha tu kidole kwenye leso.

Kaluki alitazama chini. Jioni zote zile! Mkono wake ulikuwa tayari kichwani pa mtoto, unapapasa. 

Kesho yake jioni Kasiva alikuja mbio kama kawaida, glavu mikononi. Kaluki akaacha cherehani, akamdaka mabega kabla uso haujafika.

"Mami, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Njoo hivi."

Akamgeuza, akampakata mgongo ukiwa kifuani pake na uso ukitazama barabarani, akamkumbatia kwa nyuma. Kasiva akajinyonga kutafuta leso, akazuiwa. Akajaribu bega la mamake, akazuiwa tena.

"Hivi sitaki," akasema, sauti ikianza kupasuka. "Nataka kama jana."

"Hata mimi," Kaluki akasema, akazidi kumbana.